Sikio la Ng'ombe wa Bhoke

Siku mliyoniaga pale parokiani, ninyi makatekista vijana, mlinipa shati la kitenge na kiti cha plastiki chenye mikono, mkasema Mwalimu, tuandikie kitu, mambo ya kazi, changamoto na mafanikio. Kwa kiti nashukuru. Shati linanibana kwapani, mke wangu Mama Wankuru amesema atalifumua. Changamoto na mafanikio siyajui, hayo ni maneno ya semina. Mimi nilifika darasa la nne nikaenda kuchunga, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, na atakayeona nazunguka sana aruke mbele.

Mmoja wenu, simtaji, alinifuata mpaka kwenye baiskeli akaninong'oneza: Mwalimu, ile habari ya Mzee Magige iache, wajukuu zake sasa ni watu wakubwa, wana maghorofa mjini Musoma, mtaa wa Mukendo, na ndio wanaotusaidia kanisa. Asante mwanangu. Nilikuwa nimepanga kuanza kuandika baada ya mavuno, lakini kwa maneno yako nimeanza leo.

Mambo ya posho na vyeo sitayagusa. Katekista hanaga cheo. Ana baiskeli.

Kazi nilianzia upande wa Bunda, kwenye kigango kilichokuwa kinasali ndani ya ghala la pamba. Tulikuwa tunakaa juu ya marobota. Watu wakisimama kwenda komunyo, nyuma wote weupe kama kuku waliotoka vumbini, na padri alikuwa anapiga chafya mpaka kwenye mageuzo ya mkate na divai. Siku yangu ya kwanza nilivaa koti la marehemu baba, mikono imenizidi, nikasimama mbele ya akina mama wanaonizidi umri wote, nikasahau hata ishara ya msalaba inaanzia wapi. Mama mmoja akanionyesha kwa kidole, paji la uso, baba. Nikaanza.

Aliyenipokea pale alikuwa Mwalimu Yohana, katekista mzee, jicho moja lilikuwa na ukungu. Alinikabidhi vyombo vya kazi. Rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti na nati kubwa ya kuipigia, hiyo ndiyo kengele. Furushi la picha za Biblia zilizochorwa kwenye kitambaa, za kutundika ukutani wakati wa kufundisha. Na baiskeli isiyo na breki, ambayo ukitelemka nayo unasali kweli. Ninyi mna simu zenye Biblia ndani, sawa, lakini simu haijawahi kumfundisha mtu kusali kama ile baiskeli.

Mwalimu Yohana alinipa na maneno mawili. La kwanza, usile kwa mtu kabla hujamfundisha, maana ukishashiba mdomo unakuwa wake. La pili, ukitaka kumjua mwanafunzi wako wa ubatizo, nenda kwake jioni ng'ombe wakirudi, uone anaangalia nini kwanza. Kuna anayeangalia watoto kama wamerudi wote. Kuna anayeangalia wewe mgeni. Kuna anayeangalia ng'ombe, akimaliza ng'ombe ndio anakuona kwamba ulikuwepo. Huyo wa mwisho, akasema, utakaa naye sana.

Nikadhani mzee anazeeka. Kumbe alikuwa ananipa kazi yangu yote kwenye kiganja.

Bunda nilijifunza kwamba msimu wa pamba ukifunguliwa mafundisho yanafungwa. Wakati wa njaa ghala linajaa, watu wanasali rozari mpaka unaona huruma. Pamba ikishauzwa, unabaki na wazee wawili na mbuzi. Nikapelekwa Rukuba, kisiwani, kufundisha wavuvi. Kule wepesi ajabu. Mvuvi anapata sangara asubuhi, mchana ni tajiri, amenunulia kambi nzima soda, jioni anaomba sigara. Mtu wa namna hiyo Injili inamwingia kirahisi, hana mlango wa kuifungia. Shida ilikuwa kumkuta hajalala tu. Nilibatizisha watu wengi Rukuba, na baadhi yao wako hai na bado hawana kitu, na bado wanasali.

Halafu nikarudishwa nyumbani, upande wa Butiama, kigango kimoja njia ya kutokea Mwitongo. Jina la kigango naliacha. Hapo ndipo nilipokutana na utajiri wenye miguu, unaozaa.

Nieleze kwanza, maana kuna kati yenu waliozaliwa mjini. Kwetu tajiri hakai na ng'ombe wake wote. Ugonjwa ukiingia zizi moja unamaliza, wezi wakija wanamaliza. Kwa hiyo anawaweka kwa watu. Anakuletea jike moja au mawili, unawatunza. Maziwa yako, mbolea yako, dume utalimia. Ndama ni wa mwenyewe, na siku akifurahi baada ya miaka atakuachia mmoja. Na alama ya sikio ni ya mwenyewe. Ya Mzee Magige ilikuwa pembetatu ndogo kwenye ncha ya sikio la kushoto, imekatwa safi utadhani kwa mkasi wa fundi cherehani. Ukitaka kumpa mtu ng'ombe kabisa kabisa, unaenda mwenyewe na kisu, unakata juu ya alama yako mbele ya watu, alama inakufa. Kama hujakata, hujatoa. Umeweka.

Mzee Magige ungepita kwake ungedhani ni mtu wa kawaida. Zizi dogo, gambuti zimechanika, redio imefungwa kwa mpira. Ng'ombe wake walikuwa kwa watu, kijiji chetu na cha ng'ambo na cha ng'ambo yake. Hakuwa ameandika popote. Alikuwa anawajua wote kwa rangi na kwa mama zao na kwa bibi zao, kama sisi tunavyojua ukoo. Hata nyumbani kwangu alikuwepo mmoja, jike jeusi lenye nyota usoni, ambaye bibi yake aliwekwa kwa baba yangu mimi sijazaliwa. Wanangu wote wamekua kwa yale maziwa.

Alikuja kuomba ubatizo alipofiwa na mkewe. Mama Anastazia alikuwa Mkristo wa kweli, na kabla hajakata roho alimshika mkono akamwambia, Magige, nisikutafute huko nikakukosa. Mzee alinisimulia mwenyewe, akitazama pembeni. Kwa hiyo msidhani alikuja kwa mchezo. Alikuja kwa ajili ya yule mama, na mimi niliona kwamba ni kweli, na ndiyo maana habari hii bado inanikaa shingoni.

Katika kufundishwa alikuwa wa kwanza. Kichwa kinachobeba ng'ombe wale wote, sala ya Nasadiki itamshinda wapi? Amri kumi alizisema kwenda na kurudi. Tatizo lilianza siku ya somo la yule kijana tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo awape maskini, akaondoka na huzuni. Nikatundika picha ya ngamia. Akina mama wakauliza huyu ng'ombe kavunjika mgongo au amezaliwa hivyo. Nikaona ngamia hatatufikisha. Nikawaambia achaneni naye, chukueni dume la ng'ombe lenye mapembe, lipite kwenye mlango wa banda la kuku.

Mzee Magige akauliza, "Hilo dume lina mapembe makubwa?"

"Makubwa."

"Likate mapembe."

"Bado halipiti, Mzee."

"Basi lichinje, lipite vipande vipande."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikamwambia, hapo umesema vizuri kuliko kitabu, linapita vipande vipande, sasa nani atalichinja? Kisha akasema kwa utulivu kabisa kwamba huyo kijana wa kwenye Injili alikuwa mchoyo, yeye Magige ameshagawa. Ng'ombe zangu ziko kwa maskini, akasema, wanakunywa, mimi mwenyewe nakunywa chai ya rangi. Akageuka akawatazama wenzake. Je, nadanganya?

Hakuna aliyesema anadanganya. Wote pale walikuwa na ng'ombe wake. Na kwa kweli kwetu ndivyo tunavyosema, fulani kanipa ng'ombe, hata kama sikio ni la mwenyewe. Ni kosa la kwetu hilo, watu wa mahali pengine hawawezi kulifanya. Kijiji kizima kilikuwa kinaamini Mzee Magige amegawa mali yake, na yeye akiamini kuliko wote.

Basi, Kwaresima ikawa inakaribia. Mnajua ile Jumapili ya kuwataja watakaobatizwa Pasaka, katekista anasimama mbele ya padri anataja majina na kushuhudia kwamba hawa wako tayari. Jina la Mzee Magige lilishatajwa midomoni mwa watu kabla sijalitaja mimi, kwa sababu alikuwa amesema kanisa ataliezeka yeye. Mabati yakaja na lori, yakapangwa pembeni ya kanisa. Kanisa letu lilikuwa la nyasi, mvua ikinyesha tunahama na altare. Watoto walikuwa wanaenda kujitazama kwenye yale mabati.

Wiki hiyo hiyo akaja kwangu Bhoke. Huyu ni mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache, alikuwa na jike moja la Mzee Magige, jekundu. Mtoto wake alikuwa amelazwa Musoma, akakaa naye hospitali, kwa hiyo hakuonekana kwenye palizi ya mtama wa mzee. Maana ukiwa na ng'ombe wa mtu, akiitisha palizi unaenda, akiitisha kujenga unaenda, kwenye kikao anaposimama yeye na wewe umesimama. Hakuna aliyewahi kuiita kazi. Bhoke aliporudi na mtoto wake mgongoni akakuta kamba tu. Mzee amemfuata ng'ombe wake.

Hakulia. Alisema, "Mwalimu, daktari kasema mtoto apewe maziwa," kama mtu aliyeleta ujumbe wa mwingine.

Nilienda kwa Mzee Magige jioni, ng'ombe wakirudi. Akawaangalia wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, na yule jekundu wa Bhoke akiwemo. Walipoingia na miti ya mlango ikapitishwa, ndipo akaniona. Nikamkumbuka Mwalimu Yohana na jicho lake. Nikakataa kiti, nikakataa na uji.

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ng'ombe wa Bhoke.

"Wa Bhoke yupi? Bhoke hana ng'ombe."

"Mzee, ulisema darasani umegawa."

"Nimegawa."

"Mbona umemchukua?"

"Nimemchukua kwa sababu ni wangu. Ningemchukuaje kama siyo wa..." Akakatisha hapo. Alikuwa na akili sana, alijisikia mwenyewe.

Tukawa tunasikiliza ng'ombe wanavyocheua. Nikamwambia, Bwana Yesu alimwambia yule kijana vyote. Mimi siyo Bwana Yesu, vyote siwezi kukuambia. Nionyeshe mmoja. Katika hao wote, nionyeshe mmoja tu uliyemkata sikio ukamwachia mtu akaenda zake. Jumapili nitasimama na jina lako.

Mngetegemea atanifukuza. Hapana, alifikiri kweli, nilimwona akiwapitia kichwani, zizi kwa zizi. Halafu akatikisa kichwa. Akasema nikikata mmoja, kesho wote watauliza mbona yule. Mwalimu, huo ni uzi, ukivuta mmoja nguo yote inafumuka. Alisema kwa huzuni, sitawaficha, siyo kwa kiburi. Kiburi kilikuja baadaye kidogo, nilipoinuka.

"Wewe mtoto wa Nyamboha," akasema, "umekunywa maziwa yangu huna hata jino. Leo unanipima? Basi yule mweusi nirudishie kesho."

Nikamwambia kesho asubuhi.

Mama Wankuru alipokea habari akiwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. Aliniuliza, "Baba Wankuru, watoto watakunywa msimamo wako?" Asubuhi akamkamua yule mweusi mara ya mwisho, akamfuta kiwele kwa maji ya moto kama anavyofanya siku zote, akamfunga kamba yeye mwenyewe, akanipa mkononi. Akasema nimpitishe njia ya katikati ya kijiji, nisipite vichakani kama mwizi. Yule ndiye mke wangu.

Nikapita katikati ya kijiji. Watu walisimama na majembe kutazama. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi, kila mtu aliwahi kuona ng'ombe akirudishwa, ila walikuwa hawajawahi kuona katekista anarudisha. Kila nyumba niliyopita nilikuwa naona lile sikio la pembetatu zizini. Masikio hayo nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote kama mtu anavyoona mawe. Siku ile ndiyo nikaona kwamba tumefungwa kamba moja, kijiji kizima, na mwenye kuishika amefungwa nayo mkononi, hawezi kuiachia hata akitaka. Ndicho alichokuwa ananiambia jana yake na sikumwelewa.

Jumamosi kamati ya kigango ikaniita. Mwenyekiti alikuwa Masatu, mtu mzuri, mcheshi, ana madume mawili ya mzee ya kulimia. Wakaniuliza mimi ni padri? Mimi ni askofu? Mwanamme anajua Nasadiki, hana kesi, anaezeka nyumba ya Mungu, namzuia kwa ng'ombe wa Bhoke? Masatu akasema kama nina ugomvi wa maziwa niseme, watanichangia. Wakacheka. Nikawaambia nitasimama kesho nitaje ninaowajua. Wakasema basi taja na la mzee, au Jumatatu tunaenda parokiani kuomba mwalimu mwingine.

Jumapili padri akaja na pikipiki. Alikuwa padri kijana, siyo wa huku kwetu. Kanisa likajaa mpaka nje. Nikaitwa, nikataja majina niliyokuwa nayo, nikakaa. Mzee Magige alikuwa benchi la mbele, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakatika.

Masatu akasimama. "Mwalimu, umesahau jina."

"Sijasahau."

Padri akanitazama, akanitaka nieleze. Sikuwa nimejiandaa hotuba. Nikasema, "Padri, mimi ushahidi wangu ni huo. Kama hautoshi, asimame mwingine amshuhudie mzee. Ila awe mtu ambaye hana ng'ombe wake nyumbani."

Watu wakatazama chini. Masatu alikuwa bado amesimama, akakaa polepole. Mwisho, kanisa lote lile, tuliobaki na haki ya kusimama tulikuwa mimi na Bhoke, na wote wawili ng'ombe wetu walikuwa wamechukuliwa wiki hiyo hiyo. Kuna mtu nyuma alicheka, akakohoa kufunika. Nafikiri hata padri alitaka kucheka.

Bhoke alisimama kweli. Sikutegemea. Akasema, "Mimi simkatai mzee. Mtoto wangu amekunywa kwake. Nasema tu yule ng'ombe alikuwa wa nani, tuambiwe."

Mzee Magige akainuka. Nilidhani atatumwagia matusi sote. Akasema neno moja, "Wangu," akachukua fimbo yake, akatoka katikati ya watu, na nyuma yake mlango ukabaki wazi tukawa tunaona mabati yanavyong'aa juani.

Padri baadaye aliniambia ningemwambia kabla. Nikamwambia ungenikataza. Akaendelea kuhangaika kuwasha pikipiki. Kamati walienda parokiani kweli kuniombea mbadala, padri akawaambia wamlete huyo mbadala ambaye hana ng'ombe wa mzee, wakarudi.

Lori lilikuja kuchukua mabati wiki iliyofuata. Tukakaa na nyasi zetu. Misimu mingi ya masika, ninyi hamkuwepo, tumesali tukiloa, na kila mvua ikidondoka watu walikuwa wananigeukia mimi kutazama. Bibi mmoja alikuwa ananiwekea sufuria chini ya tundu karibu na kiti changu makusudi, ili niisikie. Nimeisikia. Sijutii hata tone.

Na hapa nisimame kidogo niwaambie. Siku hizi ukipita Mukendo kuna spika kila kona, mhubiri anapiga kelele kwamba mali ndiyo dalili ya kupendwa na Mungu, panda mbegu uvune gari. Na ninyi vijana mnaanza kuyaleta yale yale kwenye vigango kwa sauti ya chini. Kama mali ndiyo dalili, basi Bwana Yesu hakupendwa, na Mama Anastazia hakupendwa, na Bhoke hakupendwa. Mniambie hivyo mkiwa mmenitazama usoni.

Mzee Magige hakwenda kanisa lingine, na angeweza, angepokelewa kwa vigelegele. Alikuwa anakuja kwetu kila Jumapili, anakaa benchi la mwisho, haongei na mimi. Komunyo ikianza anatoka nje anasimama na fimbo yake. Ilikuwa hivyo mpaka akazeeka kabisa, mpaka akawa anakuja anashikwa mkono, mpaka akaacha kuja.

Kisha akatuma niitwe. Alikuwa amelazwa kwenye ngozi barazani, amebaki mifupa. Mwanawe mkubwa, Nyakisa, alikuwepo, huyo ndiye baba wa hao wa Mukendo. Na Bhoke alikuwepo, ameitwa naye, amesimama mbali. Ilikuwa jioni. Ng'ombe wakaanza kuingia, kengele zao zinalia, na mimi nikamtazama mzee.

Alikuwa ananitazama mimi. Ng'ombe wakaingia wote, hakugeuza shingo.

Akamwambia Nyakisa alete jike fulani jekundu, mjukuu wa yule wa zamani. Akaletwa, akashikwa. Akaomba kisu. Nyakisa akakataa. Akasema, baba hujielewi, mwalimu amekuja kukunyonya ukiwa kufani, ukikata huyo kesho kijiji chote kiko mlangoni. Maneno yale yale ya baba yake, sikio kwa sikio, nafikiri mzee aliyatambua maana alitabasamu. Akanyoosha mkono kwangu nimpe kisu changu, nikampa. Kukiinua hawezi. Akaniambia nimkatie.

Nikamwambia, "Hapana, Mzee. Nikikata mimi nimeiba."

Wapo wanaosema ule ulikuwa ukatili. Wajukuu zake wanasema mpaka leo, mzee mahututi na mimi nabishana naye kuhusu sikio. Waseme. Nilipiga magoti nikainua kiwiko chake tu, kisu akishike mwenyewe. Bhoke akamleta ng'ombe akamwinamisha kichwa mpaka kwenye ngozi. Mzee akakata. Alikata vibaya sana, kisu kilikuwa kinatetemeka, sikio likachanika kama majani yaliyoliwa na viwavi, damu ikamrukia shuka. Alitumia muda mrefu. Alipomaliza ile pembetatu haikuwepo tena. Akavuta pumzi kama mtu aliyeshusha gunia.

"Mmoja," akasema. "Nimepita kipande."

"Umepita, Mzee."

"Atanitambua?"

Alikuwa anamaanisha mkewe. Nikaomba maji, nikapewa kwenye kibuyu cha maziwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia ndani kutafuta kikombe. Padri alikuwa mbali, na mnajua kwenye hatari ya kufa mtu yeyote anabatiza. Nikamuuliza jina. Akasema Anastasi. Nikambatiza Anastasi, maji yakinuka maziwa. Bhoke akasema Amina, Nyakisa hakusema. Bhoke akamwongoza ng'ombe wake akaenda zake kabla giza halijaingia, na hakupita vichakani. Mzee alifariki usiku huo huo alfajiri inapokaribia, wakamzika kando ya mkewe.

Mtu akiwaambia Mwalimu alikuwa mgumu kwa ajili ya ng'ombe mmoja, mwambieni ndiyo, mmoja. Ndiye pekee ambaye yule mzee aliwahi kumtoa maishani mwake. Nendeni kwa Bhoke mkatazame, bado yupo, yule mtoto wake sasa ana ndevu. Uzao wa yule jekundu umejaa zizini, na kila ndama Bhoke anamkata sikio vile vile, limechanika ovyo, majani yaliyoliwa na viwavi. Mafundi wa alama wanamcheka. Anasema hiyo ndiyo alama yake, na hakuna mwingine mkoa mzima wa Mara anayeweza kuiiga.

Baada ya matanga Nyakisa alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa anavuta kamba, na nyuma yake jike jeusi lenye nyota usoni, sijui ni kitukuu wa yule wetu au vipi. Akasema yaliyopita yamepita, Mwalimu, mrudishe huyu kwenu, kama enzi za baba. Nami nilikuwa nazeeka, na chai ya rangi nilikuwa nimeichoka, sitadanganya. Nikamtazama Mama Wankuru.

Mama Wankuru akafuta mikono kwenye khanga, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe, akashika sikio la kushoto, akaligeuza juani.

"Hili mbona halijakatwa?"

Nyakisa akasema hapana mama, ni kama zamani tu.

Akaliachia. "Basi mrudishe, mwanangu," akamwambia. "Ila pitia njia ya katikati ya kijiji, watu wakuone."